Njugu Zilizovuka Barabara

Mume tuligawana bila shida. Watu hawaamini nikisema hivyo, lakini ni kweli. Mke mwenzangu alipoletwa nyumbani kwetu kutoka upande wa Namboboto nilinuna kwa muda, kisha nikazoea. Mwanamume mwenyewe alikuwa dereva wa trela, leo Kampala, kesho Mombasa, na mtu wa namna hiyo utamgombania saa ngapi? Wivu wenyewe, ule wa kukosesha hamu ya kula, ulikuja baadaye kwa sababu ya kiti cha plastiki.

Sote wawili tulikuwa wachambuzi wa njugu hapa Malaba. Njugu huingia kwa magunia kutoka Uganda, na kabla hazijaenda Nairobi lazima wanawake waketi wazipitie kwa mkono, watoe mawe, zilizosinyaa na zilizoota ukungu, maana ukungu ule una sumu. Yeye alipata kazi katika stoo kubwa yenye lango la bluu. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, na tulionana siku nzima.

Stoo yao iliiuzia njugu kampuni kubwa ya kutengeneza siagi ya njugu, na kampuni hiyo ilikuwa na masharti. Ukitaka ikununulie, wafanyakazi wako wakae kwenye viti, mbele ya meza, madirisha yawe wazi. Wapewe barakoa na glavu. Wanywe chai saa nne. Wawe na choo chenye komeo kwa ndani. Juu ya hayo yote, ukutani kulibandikwa karatasi yenye namba ya simu ya kupeleka malalamiko, na hiyo ndiyo iliyoniudhi kupita kiasi. Mtu ana kiti, ana chai, ana komeo, halafu anatafutiwa na mahali pa kulalamikia! Sisi tulikaa chini juu ya magunia matupu, leso mdomoni, na haja ikitubana tulikimbia kituo cha mafuta kuomba ufunguo.

Jioni mke mwenzangu alirudi nyumbani nguo zikiwa safi. Mimi nilirudi nimejaa lile vumbi jekundu la maganda ya njugu hadi kwenye nyusi. Nilimwuliza mbele ya watoto kama leo amechoka kukaa. Alicheka tu, na kicheko chake kikanichoma zaidi. Siku moja aliniletea barakoa mpya aliyoificha kwenye mfuko wa aproni. Nikaichukua, nikachujia chai mbele yake, nikamkaribisha kikombe.

Sasa sikiliza lililokuwa likiniuma zaidi. Oda ikizidi nguvu zao, msimamizi wa stoo alifungua mlango wa nyuma na kutuma mikokoteni. Magunia yao yalivuka barabara yakaja kibandani kwetu, tukayachambua kwa haraka, yakarudishwa kabla lori la Nairobi halijafika. Kwa hiyo njugu zilikuwa zile zile. Zilipita mikononi mwangu na mikononi mwake, zikasagwa pamoja, lakini kampuni ilimjua yeye peke yake. Kifua changu kilianza kubana kwa lile vumbi wakati huo, na nilipanda njia ya nyumbani nikipumzika kila baada ya nyumba kadhaa.

Kisha akaja mkaguzi wa kampuni, msichana kutoka Nairobi, na hakutoa taarifa kwamba anakuja. Alimwomba msimamizi asubiri langoni, akawaita wanawake mmoja mmoja kwenye baraza ya stoo. Zamu ya mke mwenzangu ilipofika niliacha kuchambua nikamtazama. Alizungumza kidogo, akatazama chini. Halafu akainua mkono na kunyoosha kidole moja kwa moja kwetu, ng'ambo ya barabara.

Nilijua anatuchongea. Nilijisemea, huyu hajaridhika na kiti, sasa anataka tukose hata pa kukaa chini.

Mkaguzi alivuka. Alisimama kwenye lile vumbi, akasoma alama za stoo zilizokuwa kwenye magunia, akauliza njugu ni za nani. Mwenye kibanda alijibu maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Haukupita muda amri ikatoka kwa kampuni: njugu zao zisivuke barabara tena, na kama stoo inahitaji mikono zaidi, wale wanawake wa kibandani waingizwe ndani na kupewa kila kitu walichopewa wenzao. Ndivyo nilivyoingia lango la bluu.

Mke mwenzangu ndiye aliyebaki nje. Sisi ni vibarua. Asubuhi tunasimama langoni na msimamizi ananyoosha kidole, wewe, wewe, na wewe, mpaka wamtoshe. Kidole kikaanza kumruka yeye. Mwanamke mmoja alipouliza kwa nini, msimamizi alishangaa kwa sauti.

"Nimfute kazi namna gani? Kwani nilikuwa nimemwandika?"

Alisimama pale asubuhi kadhaa, kisha akaacha, akaanza kuwauzia madereva mahindi ya kuchemsha kwenye foleni ya matrela. Mimi nikamvaa kwa hasira, nikamwuliza nani alimtuma kufungua mdomo. Alikuwa akitoa maganda ya mahindi na hakuacha.

"Dada, wewe usiku unakohoa," akasema. "Nyumba yako na yangu zimepakana. Kampuni haisikii. Mimi nasikia."

Mngedhani nilimshukuru. Nilikasirika zaidi. Nilikuwa nimemwonea wivu kifua chake kizima, kumbe yeye alikuwa amelala macho akisikiliza changu. Hata kwa roho nzuri alikuwa amenitangulia! Kule ndani wenzangu walimsifu kila siku wakati wa chai, wakanipa salamu nimpelekee. Sikuzifikisha hata moja.

Mkaguzi alirudi baada ya mvua kuisha. Alinikalisha kwenye baraza, akauliza habari za chai, glavu na choo, na mimi nikajibu kwamba vyote vipo, kwa sababu vilikuwepo. Nilifikiri tumemaliza. Akasogea karibu kidogo.

"Mama, kuna mtu yeyote alikosa kazi juu ya kuongea na mimi?"

Msimamizi alikuwa langoni, ametupa mgongo. Niliijua asubuhi ya kesho yake jinsi itakavyokuwa, nimesimama pale na kidole kinanipita. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, nitaendelea kukaa, nitaendelea kunywa chai, na mke mwenzangu atabaki milele kuwa mwanamke pekee katika boma letu aliyewahi kusema kitu. Hilo nilishindwa kulimeza.

"Yuko," nikasema. "Ni mke mwenzangu."