Sura ya Saba na Koti la Mwalimu Mkuu

Fundi alikuwa ameshona magauni ya harusi yasiyo na idadi, yote ya watu wengine, na jambo la kwake hakuwahi kulifikisha mwisho hata moja. Hivyo ndivyo alivyosema dada yake mkubwa, aliyechangia naye chumba cha cherehani, na dada hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja akatosheka.

"Siku thelathini," alimwambia. "Ukiimaliza hiyo riwaya yako, meza ya dirishani ni yako. Usipoimaliza, narudisha pasi yangu hapo juu."

Wenzake katika shindano hilo la kuandika riwaya kwa siku thelathini walikuwa wawili: nesi mstaafu, ambaye riwaya yake ya mapenzi ilijaa wagonjwa wa kuhara, na kinyozi wa jirani, ambaye mpelelezi wake alikunywa chai sura nne bila kupeleleza chochote. Maneno elfu hamsini kila mmoja, zawadi hakuna. Kila mchana walikutana kwa fundi, wakasomeana walichoandika, na sharti lilikuwa moja tu: kusifu marufuku.

"Shoga, huyu mjane wako mbona analia kama bomba bovu?" nesi aliuliza siku ya sura ya saba, na tangu hapo hawakumwacha mjane apumzike.

"Afadhali wangu analia," fundi alijibu. "Wako wanaendesha."

Asubuhi ya siku ya thelathini, fundi aliitafuta sura ya saba akaikosa. Akaitazama meza ya kukatia, akaelewa. Jana yake karatasi za kuchorea mitindo zilimwishia, na koti la mwalimu mkuu lilikuwa la haraka. Alichukua karatasi zilizokuwa karibu, akazigundisha, akachora, akakata. Sura ya saba ilikuwa mikono miwili, mgongo na kola.

"Na vipande vilivyobaki?" alimwuliza dada yake.

"Nimewashia jiko," dada alisema. "Kama kila siku. Ningejuaje?"

Wenzake walipofika, walicheka mpaka nesi akaomba maji. Kisha kinyozi akauinua mkono wa kushoto, akasoma: "'Mjane akafungua mlango, akamwona...' Halafu hapa pamekatwa kwapa."

"Alimwona tarishi," nesi alisema. "Mwenye kikohozi."

"Kikohozi umekitia wewe, mama!" kinyozi alisema. "Alikuwa na barua."

"Na kofia imelowa," fundi akakumbuka, akashika kalamu.

Wakaenda hivyo, kwapa kwa kwapa. Sura waliyoitukana wiki kadhaa walikuwa wanaijua kuliko mwenyewe. Saa kumi na moja likabaki tundu moja, kwenye kola: mjane alimwambia nini tarishi kabla ya kufunga mlango? Nesi hakujua. Kinyozi hakujua. Fundi aliuma kalamu.

"Alisema, 'Siku nyingine njoo mikono mitupu, ukae,'" dada alisema, akipiga pasi juu ya stuli, amewapa mgongo.

Wote wakageuka.

"Mnanitazama nini? Mnasoma kwa makelele, nami nina masikio."

Fundi akaandika. Nesi akahesabu kwa kidole, akajumlisha na sura nyingine: maneno elfu hamsini, na kumi na moja juu.

"Bado ni sura mbaya," kinyozi alisema, kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kusifu.

Dada akaiacha pasi yake palepale kwenye stuli. "Ila huyo tarishi ameambiwa arudi," alisema. "Kaa mezani kwako, uandike nyingine."