Aliyebisha Mwisho wa Filamu

Sokoni Kisumu, harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, ikichanganyika na moshi wa jenereta, mawazo hunirudisha utotoni kwetu Usenge, kando ya ziwa, kwenye kibanda cha video kilichozibwa madirisha kwa magunia. Katika filamu moja kuukuu ya kutisha, mume aliyezama majini alirudi kwake, akabisha. Mkewe akashika komeo, na filamu ikaishia hapo.

Alifungua au hakufungua? Watoto tulibishana njia nzima. Nyumbani nikamuuliza mama, aliyekuwa akianika omena. Mwaka ule mashua ya baba ilikuwa imerudi bila baba.

“Alifungua,” akasema bila kuinua kichwa.

“Hata kama ni mzimu, Mama?”

“Hata kama amelowa chapachapa, nyathina, mwanangu.”

Siku hizi mlango wangu ni wa chuma. Mtu akibisha, siulizi ni nani; nafungua.