Mwenyekiti Wetu na Timu Iliyouza Wachezaji

Jumapili iliyopita nilikuwa naosha vikombe vya chai pale simu ilipoanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, nami nikajua kuna msiba. Kundi la jumuiya yetu ya Waswahili wa Dallas halipigi kelele ya namna hiyo ila kwa harusi au kifo, na mwaka huu wa 2020 harusi hakuna. Aliyefariki ni yule bwana wa Cedar Hill ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi wamewahi kukutana naye humu bila kumjua; ndiye niliyekuwa nikimwita jirani yangu mbishi. Sisi wengine tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu aliongoza klabu yetu ya kandanda kwa miaka mingi, na hata alipoacha uongozi jina halikumwacha. Amekufa kwa ugonjwa huu huu unaotufungia ndani. Mkewe alimuaga kupitia simu iliyoshikwa na muuguzi. Ndege za kumrudisha Morogoro zilikuwa za shida, basi familia ikakubali azikwe hapa hapa Texas, nchi aliyokuja kusoma akiwa kijana na kukaa mpaka mvi zikamwota.

Kazi yake ilikuwa maabara, kupima damu na mikojo ya watu wasiomjua. Mapenzi yake yalikuwa mawili: kandanda la klabu yetu, na besiboli. La pili lilitushangaza wengi. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki huutazama mchezo ule kama watu wanaosubiri basi, mmoja ana gongo, mwingine ana mpira, na hakuna anayeonekana kuwa na haraka. Yeye alipelekwa na wenzake wa kazini, akaketi kwenye jua la Arlington, akarudi amenogewa. Aliniambia alichokipenda ni kwamba mchezo ule unampa mtu nafasi ya kuzungumza, kula na kulaumu, yote kwa pamoja. Nilikwenda naye mara nyingi. Alikuwa akibeba korosho kwenye mfuko wa shati, na kila mrushaji wetu alipopigiwa mpira ukaruka nje ya ua, alitafuna moja taratibu kama anayemeza dawa.

Dawa hiyo aliimeza sana, maana timu yetu ya upande huu ilikuwa imeingia miaka ya kufungwa. Kufungwa peke yake hakukumsumbua; alikulia kwenye ushabiki wa timu za mkoani, alikujua kufungwa. Kilichomuumiza ni uongozi. Alisema wale waheshimiwa wanaokaa juu, nyuma ya vioo, wanauza mchezaji kila anapoanza kupendwa, wanaleta vijana wasiojulikana, halafu wanasimama mbele ya waandishi na kusema timu inajengwa upya. Neno hilo la kujenga upya alilichukia kuliko kipigo. Alikuwa akisema fundi anayejenga nyumba yako hukuonyesha ramani, hakuvunjii ukuta wa chumba cha kulala ukiwa kitandani kisha akakwambia subiri miaka mitano. Waliokaa jirani nasi, Wamarekani wenye kofia zilizochujuka, walilalamika vilevile kwa lugha yao, na nadhani hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akiwa mwenyeji kamili wa mji huu. Alikuwa na hasira moja na majirani zake.

Siku moja ya kiangazi cha 2017 tulikuwa njiani kwenda uwanjani, mimi, yeye na binti yake, wakati huo akiwa sekondari. Binti alivaa jezi ya mrushaji wetu hodari, ambaye alitarajiwa kuanza mchezo siku hiyo, na hasa ndiye tuliyemfuata. Tukiwa barabara kuu, redio ikatangaza kwamba mrushaji yule amebadilishwa na vijana watatu wa timu nyingine na tayari ameondoka mjini. Mwenyekiti alitoka barabarani, akasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akazima injini. Joto likaanza kuingia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumuuza wamuuze, timu ni yao. Lakini sisi tunaompenda, kwa nini siku zote tuwe wa mwisho kuambiwa?" Tulikwenda uwanjani hivyo hivyo. Tulifungwa, na binti aliigeuza jezi nje ndani.

Sasa nieleze habari ya klabu yetu, kwa maana ndiyo inayonifanya niandike haya kwa moyo mzito. Klabu ilikuwa ya watu wote wanaozungumza Kiswahili: Watanzania, Wakenya na Wakongo. Tulicheza Jumapili alasiri kwenye bustani ya manispaa, baada ya ibada. Kipa wetu alikuwa Mkongo wa Kivu, mtu wa makamo, aliyekuja hapa kutoka kambi ya wakimbizi na kupata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja la Fort Worth. Alidaka tangu klabu haina hata nyavu. Lakini magoti yalikuwa yamechoka, mabao mepesi yalianza kumpita, na kila mwaka ndugu zetu wa Houston walikuwa wakitufunga na kutucheka. Mapema 2018 akaja mwanafunzi wa chuo, Mkenya, mrefu, mwepesi kama paka. Kamati ya klabu ilikutana nyumbani kwa Mwenyekiti, ikala pilau, ikaamua kwa kauli moja kwamba mwanafunzi ndiye atakayedaka. Nani atamwambia mzee? Kila mtu alidhani mwingine atamwambia. Mwenyekiti alisema atampigia simu, akapata zamu za ziada maabara, wiki ikaisha.

Jumapili hiyo nilikuwepo. Kipa alishuka kwenye gari akiwa amekwisha kuvaa kila kitu, glavu mkononi, akatembea hadi golini kama kawaida yake, akamkuta kijana anapigiwa mipira ya mazoezi. Alisimama kidogo. Hakuna aliyemfuata. Watu waliinama kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. Mwenyekiti alikuwa upande wa pili wa uwanja akizungumza na mwamuzi, na nadhani alizungumza naye zaidi ya haja. Kipa alirudi garini, akabadili viatu, akaketi kwenye nyasi, akatazama mchezo mpaka mwisho. Tulipomaliza alimpa kijana mkono, akaondoka bila kumsemesha mtu mwingine.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nalisema wazi kwa sababu si vizuri kumlilia marehemu kwa uongo. Kijana alidaka vizuri, na tulipokwenda Sugar Land kucheza na watu wa Houston tulishinda kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, tukaimba njia nzima ya kurudi. Lakini tuliimba tukiwa wachache. Wakongo hawakwenda nasi. Walianza kukosekana mazoezini mmoja mmoja, bila ugomvi, wakawa na uwanja wao upande wa Fort Worth. Kisha tukaona wanakosekana kwenye mikusanyiko mingine. Alipofiwa mama mmoja wa Kitanzania, hawakuja kwa wingi kama zamani. Mmoja wao alipopata mtoto, nasi hatukualikwa. Kiswahili kilichokuwa kimetuunganisha watu wa nchi tatu kikabaki kila mtu na chake, nyumbani kwake.

Mwenyekiti aliona, lakini hakutaka kusema. Alihamishia maneno yote kwenye besiboli. Kiangazi cha mwaka huo huo timu yake ikamwachia mkongwe mwingine aende, na nilimkuta sebuleni mbele ya televisheni akiwashambulia viongozi wa timu: hawana adabu, hawana shukrani, mtu amewatumikia kisha anasikia habari zake kwa watangazaji. Mkewe alikuwa jikoni. Binti alikuwa ameketi ngazini na simu yake. Watoto wetu hujibu kwa Kiingereza hata ukiwauliza kwa Kiswahili, naye alijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho. Natafsiri: "Baba, hata wewe yule kipa hukumwambia."

Nilitarajia ukali. Kwa malezi yetu, mtoto hamjibu baba hivyo mbele ya mgeni. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni, naye nadhani alitarajia hivyo hivyo. Mwenyekiti alichukua kidude, akazima televisheni, akakaa akitazama kioo cheusi. Baadaye aliniuliza kama najua kipa anakaa wapi. Nilikuwa najua.

Tulikwenda Jumamosi, mchana. Kipa alitupokea kwa heshima zote, mkewe akatuletea ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki, na ilibidi tule kwanza, kwani kwake mgeni haongei shida na njaa tumboni. Baada ya kunawa, Mwenyekiti aliomba radhi. Hakuisingizia kamati wala zamu za kazi. Alisema alipaswa kuja mwenyewe, alijua anapaswa kuja, na aliogopa. Kipa alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akajibu kwa Kiswahili cha kwao, nami nimejitahidi kukikumbuka kama kilivyotoka; biro kwao ni ofisi, na kukata maneno ni kuamua mambo.

"Kusamehe, nimesamehe. Lakini kurudia, hapana. Tangu niko mutoto, watu wanaikala ku biro, wanakata maneno yangu, miye naambiwa wa mwisho. Kule ku kambi ilikuwa vile. Ku kazi iko vile. Ku mupira nilizania niko kwetu."

Tulipokuwa tunarudi, Mwenyekiti hakuwasha redio ingawa timu yake ilikuwa inacheza. Tulipokaribia Cedar Hill alisema kwamba maneno ya mtu yule yalikuwa yake mwenyewe, aliyoyasema siku ya jezi pale kituo cha mafuta, ila yeye alikuwa anasikitikia burudani na mwenzake alikuwa anasikitikia maisha. Kwenye mkutano mkuu alisimama akaeleza kosa lake bila kupunguza, akapendekeza kwamba mchezaji yeyote anayeachwa aambiwe uso kwa uso kabla ya mtu mwingine yeyote. Baadhi walipiga makofi. Baadhi, hasa vijana, waliona mzee anakuza jambo. Klabu yenyewe ya Jumapili, wakasema, si kampuni. Pendekezo likaahirishwa. Yeye akajiuzulu, na ingawa nilimsihi abaki, alisema ukubwa si kukaa kwenye kiti. Kamati iliyofuata haikulirudia suala hilo. Wakongo hawakurudi.

Besiboli hakuacha. Msimu wa 2019 tulikwenda tena, uwanja ule wa zamani ukiwa katika mwaka wake wa mwisho, na timu ilifungwa kama ilivyozoea. Aliendelea kulaumu, lakini nilimwona amebadilika. Mchezaji akiuzwa, swali lake halikuwa tena kwa nini wamemuuza. Aliuliza, "Alijulishwa na nani?" Mara nyingi gazeti halikuwa na jibu. Alikuwa akisema huenda wale wa nyuma ya vioo wana hesabu zao nzuri tu, huenda miaka mitano ijayo tutashangilia, na bado watakuwa wamekosea, kwa sababu kuna kosa lisilofutwa na ushindi.

Nimelifikiria sana neno hilo mwaka huu. Wengi wetu tumeachishwa kazi tangu Machi, mahotelini, kwenye viwanja vya ndege, maofisini. Mama mmoja wa Missouri City, karibu na Houston, ambaye amewatunza wazee kwa miaka mingi alinieleza kwamba alijua hana kazi pale kadi yake ya mlango ilipokataa kufungua. Kijana wa ofisini aliambiwa kwenye mkutano wa kompyuta pamoja na wenzake, sauti zao zikiwa zimefungwa wasiweze kujibu. Huenda kampuni hizo hazikuwa na njia nyingine. Mimi si mchumi. Lakini nasi tunaolaumu wakubwa, tazameni tunavyoendesha vikundi vyetu vidogo, makanisa yetu, misikiti yetu, vyama vyetu vya kuzikana. Mwimbaji anaachwa kwenye kwaya, anajua kwa kuona sare mpya zimeshonwa bila ya kwake. Mweka hazina anabadilishwa na kila mtu anajua ila yeye. Nyani haoni kundule.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Walioruhusiwa kuingia ni watu wachache, sisi wengine tulisimama kando ya magari yetu, barakoa usoni, tukifuata sala kwa mbali. Niligeuka nikamwona kipa. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na bado amevaa viatu vya ghala. Hatukupeana mkono, siku hizi hatupeani. Nilimuuliza nani alimpa habari, maana hayumo tena kwenye kundi letu. Alisema binti wa marehemu alimpigia mwenyewe, asubuhi ile ile ya kifo, kabla haijatangazwa. Kisha akasema, "Ule alikuja kwangu. Wale wengine hawakukuja."

Kamati ile ilikuwa na watu saba. Baadhi yao walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwetu, na sijui kama walisikia. Uongozi una maamuzi machungu, na anayeyakwepa hafai kuongoza. Lakini neno chungu lina mwenyewe wa kulipokea, na ana haki ya kulisikia kwanza, kutoka kinywani mwa aliyelikata, akiwa amemtazama usoni. Mwenyekiti alilijua hilo akiwa amechelewa, akaenda hata hivyo. Sisi tuliobaki hatujaenda kuomba radhi, hata mimi niliyemsindikiza, na barabara ya Fort Worth iko wazi.