Kifuko Kwenye Tawi la Chini

Wapangaji wa maghorofa yaliyouzunguka ua wa Bi Badriya walimjua zaidi kwa mgongo wake. Kila asubuhi walimwona amechuchumaa chini ya mkunazi, simu kaisogeza hadi karibu iguse jani, pumzi kaibana, anapiga picha wadudu.

Mvua za vuli zilipoanza, mti ule uligeuka kimbilio. Ulikuwa umebaki peke yake mtaani. Mingine yote ya Kariakoo hiyo watu waliikata bila hata kuitazama mara ya pili, ili wapandishe sakafu juu ya sakafu. Kwa hiyo kila chenye miguu sita kilihamia kwa Badriya: vunjajungu, nyigu, mbawakawa wa kijani anayeng'aa kama kifungo cha koti. Hata kinyonga mmoja alitokea, Mungu ndiye ajuaye alivuka vipi barabara. Wote alikuwa nao simuni. Alichokosa ni kipepeo anayezaliwa. Alimfuatilia kiwavi mmoja tangu yai, picha moja kila siku, mpaka akajifunga ndani ya kifuko cha kijani kwenye tawi la chini. Picha thelathini na moja. Ilibaki moja tu.

"Mwanao kaamkaje?" Nasreen, jirani yake wa ukuta mmoja, alimtania kila siku.

"Bado kalala."

"Mvivu huyo, kamfuata mama yake! Akiamka niite, hata nikiwa chooni."

Alhamisi asubuhi kifuko kilikuwa kimegeuka cheusi, mabawa yanaonekana ndani kama kanga iliyokunjwa. Siku yenyewe ilikuwa imefika. Badriya akakimbilia ukutani kumwita Nasreen. Kilichomjibu kutoka upande wa pili kilikuwa kilio.

Presha, walisema. Nasreen alikuwa ameondoka.

Badriya hajafunga hata mtandio vizuri, Zahoro akaingia uani na panga. Zahoro ni mtoto mkubwa wa Nasreen, anauza spea za magari mtaa wa Gerezani. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole, baba."

"Nimefuata majani."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Maiti huoshwa kwa maji yenye majani ya mkunazi yaliyotwangwa, na marehemu Taimur, mume wa Badriya, aliutoa mti ule wakfu kwa maiti wa mtaa. Tangu hapo mwenye msiba haombi. Anakata.

"Katia huku juu, baba."

"Juu waya za umeme, mama." Alishalishika tawi la chini.

Amwambie nini? Kwamba mama yako asubiri, kuna mdudu? Mdomo wake ulifunguka, ukatoa maneno mengine kabisa.

"Kata, mwanangu. Kata tu."

Panga likapiga mara mbili. Badriya akanyoosha mkono, lakini Zahoro alishalikokota tawi kupitia mlangoni, mbio, wanamsubiri.

Msibani wakamkalisha mbele ya kinu, karibu na shuka waliyomfunikia Nasreen. Majani yalikuwa yameshapurwa, rundo zima. Akaanza kuyapekua, jani moja moja.

"Unachambua nini? Mchele huo?" Bi Waridi, muosha maiti, alimfokea kwa sauti ya chini. "Maji yanapoa, Badriya!"

Akamkuta chini kabisa. Kifuko kimepasuka, kipepeo ametoka, kalala ubavu, mabawa yamelowa na kujikunja. Badriya alijua anachohitaji: mahali pa kuning'inia mabawa yanyooke kabla hayajakauka. Simu ilikuwa kifuani mwake, ndani ya gauni. Chumba kimejaa wanawake wanaolia. Nani angetoa simu hapo apige picha? Yeye mwenyewe asingejisamehe.

Akamwinua kwa ncha ya jani, akamning'iniza kwenye ukingo wa mtandio wake. Akashika mchi.

Alipotwanga, kipepeo akaanguka. Akamrudisha. Akatwanga, akaanguka tena. Akajaribu kutwanga polepole, Bi Waridi akamkata jicho. Alipomwokota mara ya tatu mabawa yalikuwa yameshakauka, yamejikunja vilevile, na hayatanyooka tena.

"Badriya, majani!"

"Naleta."

Akainama karibu na shuka.

"Nasreen," akanong'ona, "kaamka."

Kisha akayamimina majani kwenye beseni, maana maji yalikuwa yanapoa.