Faili Lililokuwa kwa Jina la Mkurugenzi

Siku ya kwanza niliyoripoti kazini, pale Musoma, nilipewa kiti kisicho na mgongo na mashine ya teleksi, ya kupeleka maandishi kwa waya wa simu, yenye kelele kuliko mashine ya kusaga. Msimamizi wa Teleksi alikuwa mtu mkali, mpenda mihuri. Aliniambia, "Binti, hapa hakuna karatasi inayotoka bila jina la mkubwa. Ukisahau jina la mkubwa, umesahau kazi." Nikalishika neno hilo kama katekisimu. Lilinilinda miaka mingi, kisha likaniponza mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo nataka kuwasimulia ninyi mnaotuma ujumbe huku mnatafuna mhogo.

Baadaye nilihamishiwa Mwanza, kwenye kituo cha utafiti wa ziwa. Ilikuwa miaka ya tisini, mashirika yanabinafsishwa, watu wanapunguzwa kazi kama majani ya chai. Teleksi nayo ikafa. Mkurugenzi wa Kituo, badala ya kunipunguza, akanikabidhi seva, yaani kompyuta inayopokea barua za kompyuta nyingine na kuzigawa. Mhandisi alikuja kutoka Dar, akaifunga, akanifundisha wiki mbili, akapanda ndege akaenda zake.

Wakati huo magugumaji yalikuwa yamelivamia ziwa. Yalitembea na upepo. Unalala maji ni meupe, unaamka gati la Kamanga limezibwa, pantoni haliwezi kutia nanga, na wagonjwa wa Sengerema wanaokuja hospitali wamekwama ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kuunda orodha ya barua: ofisi za ziwa za Bukoba, Musoma, Ukerewe na Kisumu. Mmoja akiandika barua moja, seva inawagawia wote. Anayeona magugumaji yanaondoka kwake anawaonya wenzake.

"Mama Kabula," Mkurugenzi aliniambia, "wafadhili wanakuja Ijumaa. Wasipoiona inafanya kazi, kitengo chako kinafungwa, na mimi sitakuwa na pa kukuweka."

Nilikuwa mjane, na watoto watatu shuleni. Sikulala vizuri wiki ile.

Jumatano nikatuma barua ya majaribio. Mashine ikajibu mstari mmoja wa Kiingereza: ruhusa imekataliwa. Ebo! Nani amekataa? Nikarudia, ikarudia. Kumbe kosa lilikuwa langu. Faili la majina ya ofisi zile nilikuwa nimelitengeneza kwa jina la Mkurugenzi. Nilikuwa ninamchapia barua zake, neno lake la siri alikwisha kunipa, na niliona ni utovu wa adabu orodha ya maofisa iwe kwa jina la mchapaji. Nikalifunga pia, alisome yeye tu. Sasa, ndani ya seva kila programu ina jina lake, kama mfanyakazi. Programu ya kugawa barua ilikuwa na jina lake dogo, ikienda kusoma orodha inakuta mlango wa mkubwa umefungwa.

Alhamisi, kwa hasira, nikafungua kila kitu. Kila mtu asome, kila mtu aandike! Nikatuma. Ikakataa tena, na safari hii ilitoa sababu nyingine: faili hili yeyote anaweza kuliandika, kwa hiyo siliamini.

Jamani. Niliacha kubonyeza, mikono ikatulia mapajani. Chuma kile hakikuwa na macho wala mama aliyekilea, lakini kilijua kwamba orodha inayokaa nyumba isiyo na mlango yeyote anaweza kuichezea. Nimefanya kazi chini ya mabosi sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza kitu kama hicho. Nilikiogopa, na nilikipenda.

Dawa ilikuwa kuirudisha milango, maana orodha ya maofisa haikuwa ya kusomwa na kila mtu, kisha kulikabidhi faili kwa programu yenyewe. Lakini kubadili mwenye faili kulihitaji neno la siri la mtawala wa mashine, nalo lilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kabatini mwa Mkurugenzi. Ijumaa saa mbili asubuhi nikagonga mlango wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekubali?"

"Bado, mzee. Kinachozuia ni jina lako."

Akavua miwani. "Jina langu?"

"Faili ni la kwako. Programu inayogawa haiwezi kuligusa."

"Na hiyo programu ina cheo gani?"

"Haina cheo, mzee. Ni ya kutumwa tu."

Nikajua leo nimekwisha. Akatazama dirishani, ziwa lilikuwa kijani mpaka kwenye mawe.

"Mama Kabula, mimi nimewahi kugawa barua hapa ofisini?"

"Hapana, mzee."

"Basi mpe anayegawa." Akachana bahasha kwa mkono wake.

Niliandika amri mbili fupi. Modemu, kile kifaa cha kupitisha barua kwenye waya wa simu, ikalia, barua ikaondoka. Wafadhili hawajamaliza chai, Bukoba wakajibu. Kisha Musoma. Kisha Kisumu, nchi nyingine! Wa mwisho walikuwa Ukerewe: magugumaji yametoka kwetu tangu jana, upepo unayaleta kwenu. Mkurugenzi akamtuma dereva bandarini mbio, pantoni likawahi kuvusha watu. Jioni gati la Kamanga lilizibwa kabisa, lakini hakuna mgonjwa aliyebaki ng'ambo. Kitengo hakikufungwa.

Niliitunza seva ile na wajukuu zake mpaka nilipostaafu. Siku ya mwisho nilimwambia Neema, mama kijana aliyenirithi, afute jina langu kwenye seva.

"Mama, tuliache tu," akasema. "Kwa heshima yako."

"Heshima hiyo nilikwisha kumpa mtu, mwanangu, ikatugharimu siku mbili. Futa."

Akafuta. Nikakaa kwenye kiti changu mara ya mwisho, nikajaribu kuingia. Mashine niliyoilisha miaka yote hiyo ikaniandikia: ruhusa imekataliwa. Machozi yalinitoka, nikacheka hapohapo. Kisha nikachukua mkoba wangu, nikaenda kwangu Buhongwa.