Mama Mkwe Katika Wodi Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista wa wodi alinipa mkanda mpana wa turubai, akaniambia nimfunge mzee mmoja kiunoni, nimshike kwa nyuma, nimwinue. Mimi nilidhani nimeajiriwa kufunga vidonda. Kumbe kazi ilikuwa kuwasimamisha wazee waliovunjika nyonga. Hiyo ilikuwa Nakuru, miaka ya hamsini, na ninyi vijana msidhani tulikuwa na mashine.

Sista alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Alitufundisha kwamba mara nyingi mzee haangushwi na miguu. Huangushwa na misuli ya tumbo na mgongo iliyolala. Kwa hivyo tulianzia kitandani: kuinua kiuno kidogo, kujigeuza, kisha kuketi bila kuegemea, na mwisho kusimama, mkono wangu ukiwa kwenye mkanda wakati wote.

Siku moja aliletwa wodini mama aliyeteleza kwenye tope la shamba la viazi huko Mau Narok. Nikaenda na mkanda wangu, nikamtazama usoni. Lo! Alikuwa mama aliyemzaa mke wangu. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe, hata kumpa mkono au kukutana naye nyumbani ni aibu. Na hakukuwa na mwingine wa kazi ile. Maayah, wale wanawake wasaidizi wa wodi, waliosha na kulisha tu, naye Sista mgongo wake mwenyewe ulikuwa mbovu.

Sista akasema, "Hapa hakuna mkwe. Kuna mgonjwa."

Mama akajifunika shuka usoni. "Akinigusa, sitainuka hapa mpaka nife."

Hakuwa anatania. Na Daktari Mkuu alikuwa ameshasema kwamba asiyeweza kufika mlangoni mwenyewe atahamishiwa makao ya wasiojiweza, maana vitanda vilikuwa haba. Mke wangu alilia jikoni kila jioni.

Nikamsihi Sista aniruhusu nimfundishe kwa mdomo tu. Alikubali shingo upande. Tukamwekea viti pande zote mbili, mimi nikasimama mbali, macho dirishani, nikisema: mama, vuta kitovu ndani, mama, simama kama umejitwika mtungi. Kwa kuwa hakuwa na wa kumshika, ilibidi ajishike. Alinichoka kabisa. Aliwaambia maayah kwamba binti yake ameolewa na kasuku.

Siku Daktari Mkuu alipokuja, mama aliachia viti akaanza kwenda. Katikati ya wodi akayumba. Mikono yangu ikamrukia yenyewe.

"Rudisha mikono yako," akasema, bila kunitazama.

Nikairudisha. Akakaza tumbo, akanyooka, akaenda polepole mpaka akaushika mlango. Daktari akasema arudi kwake. Mimi nilitoka nje nikaketi kwenye nyasi.

Baadaye nilipelekwa Molo, halafu Naivasha, chini ya wakubwa wa kila tabia, mpaka nikastaafu. Watu huniuliza kazi ile ilinipa nini. Mke wangu alipojifungua, mama alikuja kwa miguu yake, mzigo wa viazi mgongoni. Niliposikia hatua zake nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma, desturi ni desturi, nikasimama huko kwenye baridi nikicheka peke yangu.