Maharagi yaliyolala chini

Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Lushebere, mama yangu alilala kwenye mukeka akakataa kuamka. Hakuwa na homa. Muganga alimpima, akaniambia damu ni nzuri, tumbo ni nzuri, ila moyo wake umebaki kule mlimani tulikokimbia. Akasema asipokula na kutoka nje, nitamzika. Nilikasirika sana. Nani anamwambia mtoto maneno kama hayo mbele za watu?

Lakini alisema kweli. Mama alikuwa anakwisha. Kila nikimletea bugali aligeukia upande wa shitingi, turubai la ukuta wa kibanda chetu, akafumba macho.

Papa mmoja, mzee mkulima wa pale, akatuazima kipande cha shamba karibu na kambi, nikapanda maharagi. Jamani, mimi nilikulia kwenye ng'ombe. Kukamua, kutengeneza fromaji, ile jibini ya kwetu, hapo hamniwezi. Maharagi yalikuwa kazi ya mama. Nilinunua mbegu sokoni bila kuuliza aina, na kumbe ni ile inayopanda juu ya miti. Yakaota, yakatupa kamba huku na kule, nami nikajisifu kila jioni: "Mama, shamba letu limenona." Kumbe yalikuwa yanatambaa kwenye matope na kuanza kuoza. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikarudi kibandani na hasira, nikamwambia mama yote. Akauliza bila kunitazama, "Uliyapatia miti?"

"Miti gani?"

Akageuka, akanitazama. Kisha akainuka, akakaa. "Unishike mukono. Mimi siwezi kufa watu wakisema binti yangu analaza maharagi chini."

Tulienda polepole, akipumzika njiani. Alipofika alitukana kwanza: mimi, mbegu, hata aliyeniuzia. Halafu akapiga magoti, akaanza kuinua kamba moja moja kwa vidole vilevile vilivyokuwa vinashindwa kushika kijiko. Mimi nikakata matete mtoni, yeye akayachomeka na kuyazungushia mimea. Jua likampiga mgongoni, akatoka jasho. Sijawahi kufurahia jasho la mtu namna hiyo. Jioni aliomba bugali mwenyewe, akamaliza, akaomba tena. Nililia mbele yake bila haya.

Toka siku ile hakungoja nimwite. Nikiamka asubuhi, yeye ameshafika shambani, anagombana na mbuzi za watu. Aliongea na mimea zaidi kuliko alivyoongea na mimi, na wivu nilikuwa nao. Kilio bado kilimjia siku zingine. Alilia huku akipalilia, na akimaliza alirudi na njaa.

Maharagi yalipokomaa, yule Papa alikuja kuyaona. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa heshima, mama akanitangulia. Alisimama wima, mikono kiunoni.

"Aksanti, Papa. Lakini hii kipande iko kidogo. Unionyeshe ingine."